Njia ya Ubavuni

Mume wangu alikuwa muadhini wa msikiti mdogo hapa Bongwe. Alipoanza kukosa choo, tulidhani ni chango, akawa anakunywa dawa za miti. Tumbo likavimba, likawa gumu kama ngoma, hata akatapika maji yanayonuka kinyesi. Ndipo tukamkimbiza hospitali, Msambweni.

Daktari wa upasuaji, kijana wa bara, alisema uvimbe umeziba utumbo mkubwa na umeshatambaa hadi kwenye ini.

"Basi mtautoa," nikasema.

"Hapana, mama. Huu hatuwezi kuumaliza. Tutatoboa ubavuni, tutoe utumbo nje, choo kiingie kwenye mfuko. Atapata nafuu. Kupona, hapana."

Mume wangu alikuwa akisikia yote. "Nitasimamaje mbele ya Mwenyezi Mungu na najisi ubavuni?" akauliza. "Niacheni nife na twahara yangu."

Nilimpigia imamu wetu simu, nikaiweka karibu na sikio la mgonjwa. "Wewe una udhuru, ndugu yangu," imamu akamwambia. "Kila wakati wa sala ukiingia, utatia udhu, usali hivyo hivyo. Kubali." Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Alipasuliwa siku ile ile. Tuliporudi nyumbani alikunywa uji, baadaye akaweza kula wali na samaki. Nami nilijifunza kubadilisha mfuko, na kupaka mafuta ngozi iliyochubuka kuzunguka tundu. Yeye alitazama ukutani mpaka nimalize.

Ijumaa moja alijikaza akaenda msikitini. Watu walipokuwa kimya, mfuko ukatoa sauti. Aliporudi alikaa kitandani na kanzu yake, akaniambia neno moja tu: "Alisogea." Sikumuuliza ni nani aliyesogea mbali naye kwenye safu. Hakwenda tena.

Wifi yangu alinijia juu: "Kwa nini ulikubali akatwe, na mlijua haponi?"

"Alikuwa hali kitu, wifi. Sasa anakula."

Haikudumu. Macho yaligeuka manjano, miguu ikajaa maji. Tulimrudisha Msambweni; daktari alimpapasa ini, akasema hapa kisu hakina kazi tena, akatupa dawa ya maumivu. Alikufa nyumbani, asubuhi moja, nikimlowesha midomo kwa pamba.

Waoshaji walipofika, mmoja alitoka chumbani, akaniuliza kwa haya wafanye nini na ule mfuko. Niliingia nikautoa mwenyewe, nikamsafisha, nikaliziba tundu kwa pamba, kisha nikawapisha.