Mto wa Macho Kodo

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona kwa mshona mito huyu kilikuwa nyusi zake. Zilikuwa nyeupe kama za ajuza, ilhali uso wenyewe ulikuwa wa mwanamke wa makamo. Kisha alipopiga chafya, ule weupe uliinuka, ukaelea karibu na dirisha, ukatua polepole juu ya kabati. Ilikuwa sufi ya kujazia mito. Sebule yake nzima ilikuwa sufi: magunia ya sufi yameegemea ukuta, sufi kwenye mapazia, sufi kwenye chai ya mumewe. Mtaani walimwita Mama Mito, naye aliitika.

Alianza kwa kumshonea mama yake mgonjwa mto mmoja. Majirani waliokuja kumjulia hali wakawa wanaubonyezabonyeza, na kila mmoja akaondoka ameagiza wake. Tangu hapo alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja: kila mto aliomaliza, aliulalia kwanza. Alijinyoosha mkekani, akafumba macho, akasikiliza sufi ikishuka chini ya sikio lake kama mvua inayonyesha mbali sana. Mto ukimletea ndoto, unauzwa. Usipomletea, unafumuliwa.

"Mke wangu ndiye mfanyabiashara pekee anayekoroma kazini," mumewe, fundi rangi, aliwaambia wenzake.

Lakini utani nao una kikomo. "Mama watoto, nimekula sufi ya kutosha," alimwambia siku moja. "Mwezi huu usipopata mteja wa maana, sebule tunaipangisha, nawe unarudi dukani kwa shemeji yako."

Dukani kwa shemeji aliwahi kuuza misumari, amesimama kutwa mpaka miguu ikamvimba. Mama Mito aliutazama mwanga uliojaa nyuzi nyeupe zinazoelea, akahisi kama mtu anayeambiwa aamke.

Mteja wa maana alikuwa mmoja tu: mzee mwenye nyumba ya wageni, barabara ya pili. Ajabu yake, alilaza watu kila siku ilhali yeye mwenyewe usingizi ulimpiga chenga. Macho yake mekundu hayakufumbika, watu wakambandika jina la Macho Kodo. Alituma salamu kwamba Jumamosi mchana angepita kuujaribu mto mwenyewe. Ukimfaa, vyumba vyote vitabadilishiwa mito.

Ijumaa, Mama Mito alipokwenda kununua kitambaa, huruma ilimwingia mumewe. Aliuchukua mto wa mfano uliokuwa ukisubiri kujazwa kwa ajili ya mzee, akaushindilia sufi kwa mpini wa brashi, akaushona mwenyewe. Mkewe aliporudi alikuta mto umevalishwa foronya, na mume anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Angeulaliaje mbele yake? Ingeonekana anamkagua. Akashukuru, akauweka juu ya kabati bila kuulalia.

Jumamosi Macho Kodo akavua viatu, akajilaza mkekani. Shingo yake ikasimama kama ya jogoo anayetaka kuwika.

"Mama," alisema akitazama dari, "huu mto au tofali?"

"Afadhali tofali, mzee," ilimtoka kabla hajajizuia. "Tofali halikushonwa na mume wangu."

Mzee alichekea puani, akaanza kuinuka.

"Usiinuke, tafadhali!" Mama Mito alipiga magoti, akafumua mshono wa pembeni kwa mkasi mdogo, akaingiza mkono ndani ya mto na kuchomoa sufi kidogo. "Sasa?"

"Bado. Huku upande wa sikio."

"Sasa je?"

"Punguza tena. Zamani, mama yangu alikuwa na... wewe endelea tu."

"Na hapa, mzee?"

"Mmh."

Alipouliza tena hakujibiwa. Sufi aliyoitoa ilipanda kwenye mwanga wa dirisha, ikazunguka, na sebule ikawa kama imeachia ardhi na kuanza kupaa. Macho Kodo alikuwa amefumba macho. Unyuzi mmoja mweupe ulisimama mdomoni mwake, ukipanda na kushuka.

Mume aliingia na ndoo zake za rangi. "Vipi, kanunua?"

"Shhh!"

Aliona. Akazitua ndoo kama anayetua mayai, akaja kuchuchumaa kando ya mkewe, ambaye mkono wake ulikuwa bado ndani ya mto, umefumbata sufi, hauthubutu kutoka.

"Kasemaje?" alinong'ona.

"Kasema mmh."

"Mmh ya ndiyo au ya hapana?"

"Baba watoto, unanijazia tofali, halafu maswali uniulize mimi?"

Redio ya jirani ikalia. Mume akatoka mbio kwa ncha za vidole, redio ikanyamaza, akarudi. Jua lilihama kutoka mkekani hadi ukutani. Kope za mzee zikacheza.

"Anaamka," alinong'ona mume.

Hakuamka. Aligeukia upande wa pili, akashusha pumzi ndefu, nao wawili wakasogea karibu zaidi, macho yao yote kwenye mdomo wake, wakisubiri neno la kwanza.