Mchezo wa Mwethya Ulionishinda Mara Tatu

Mimi nikishindwa, huwa sishindwi kimya. Miaka ile ya themanini nikifundisha shule ya msingi upande wa Kasikeu, darasa la saba liliwahi kutufunga sisi walimu mabao manne, nami nikaondoka uwanjani na mpira kwapani nikisema kipindi cha usafi kimefika. Kwa hivyo ukisikia niliombwa kuupima mchezo uliobuniwa na mwanafunzi, nihurumie kidogo, na huyo mwanafunzi umhurumie sana.

Alikuwa msichana aliyemaliza darasa la nane mwaka uliotangulia. Alitaka kuingia chuo cha ufundi cha kijiji asomee useremala, darasa ambalo halikuwa limewahi kuona msichana ila yule aliyeleta chai. Fundi mkuu wa chuo hakumkataa. Alimwambia alete kitu alichobuni na kukitengeneza kwa mikono yake, pamoja na barua ya mwalimu wake wa sanaa akisema kama kinafaa. Barua ikiwa mbaya, arudi nyumbani. Mwalimu wa sanaa nilikuwa mimi. Na sanaa yenyewe nilipewa kwa sababu mwenye kipindi alihamishwa na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri ubaoni.

Akaja kwangu Jumamosi mchana, amebeba ubao wa plaiwudi ndani ya gunia.

"Ni mchezo wa sherehe, mwalimu," akasema. "Harusini watu wakingoja chakula hukaa tu wakinusa jikoni. Sasa watacheza."

Haki ya Mungu, ubao ulikuwa mzuri. Alikuwa ameuchora kwa msumari wa moto: mashamba manne kwenye mteremko, kila shamba na mitaro kumi ya fanya juu, ile tunayochimba tukirusha udongo upande wa juu ili mvua isibebe shamba. Nikauliza dadu iko wapi.

"Dadu wazee wa kanisa watasema ni kamari." Akatoa maharagwe matano yaliyochomwa upande mmoja. Unayarusha, unahesabu yaliyoangukia upande mweusi. Mimi, mwanakwaya wa sauti ya nne, nikatikisa kichwa kwa uchaji.

Mchezo wenyewe uliitwa Mwethya, kama lile kundi letu la majirani wanaochimbiana mashamba kwa zamu. Yeyote aliyezaliwa Ukambani anajua sheria: ukienda kwa wenzako, nao watakuja kwako. Hapa ilikuwa vivyo hivyo. Mvua ilikuwa kifuniko cha soda kilichosogea kila mzunguko, na ulitakiwa kumaliza mitaro yako kabla haijafika. Ukibaki kwako, unachimba kidogo. Ukienda kwa mwenzako, unaweka kokoto yako kwake, na siku yako ikifika, wote wenye kokoto zako wanakuja na majembe. Tena kulikuwa na kadi iliyoandikwa *Tuma mtu badala yako.*

Tulicheza watatu: mimi, mke wangu, na naibu wa mwalimu mkuu aliyekuwa amepita kurudisha pampu ya baiskeli. Msichana aliketi kando na daftari aandike kasoro.

Ile kadi niliipenda mara moja. Kila zamu niliitumia kumtuma mke wangu, huku mimi nikibaki kwangu nikichimba mtaro wangu taratibu, nikiwacheka wenzangu wanaohangaika kupanda na kushuka. Siku yangu ya mwethya ikafika. Nikapaza sauti, "Njooni!" Hakuja mtu. Kumbe ukituma mtu, kokoto inahesabiwa kuwa yake, si yako. Mvua ikanikuta na mitaro mitatu.

"Tena," nikasema.

Mchezo wa pili nikatuma tena, nikidhani bahati ndiyo iliyonikosa. Wa tatu nikatuma kwa ukaidi. Mke wangu alishinda yote mitatu, na mkono wake haukutulia kupokea kokoto.

"Baba watoto," akasema, "hata kwenye ubao unanituma?"

Naibu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mwethya wa mteremko wetu ulikutana kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilikuwa nayasahihisha tangu nilipoajiriwa. Aliyekwenda na jembe ni mke wangu, na majina yakiitwa, lililoitwa ni lake.

"Huu mchezo una kasoro," nikamwambia msichana. "Mchezo mzuri humpa mwenye akili nafasi."

"Nafasi ipo, mwalimu," akajibu polepole. "Uende mwenyewe."

Ala! Mtoto niliyemfundisha kushika brashi! Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa nimecheza kwangu, kwenye meza yangu, nikatukanwa. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba aliitunga ile sheria nzima akinifikiria mimi. Nikachukua kalamu nyekundu palepale nikajaza kurasa mbili. *Mchezo huu una kasoro kubwa. Mtu mwenye elimu anaweza kuucheza mara tatu na kushindwa mara zote tatu. Haufai kwa sherehe ya watu wenye heshima.* Nikaibandika bahasha kwa uji, maana gundi ilikuwa imekwisha. Msichana akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Hakujua amebeba nini.

Jumapili usiku mke wangu aliniwekea mbele muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akauliza niliandika nini. Nikamwambia, nikitarajia ataona msimamo wangu.

"Umemfungia mtoto mlango kwa sababu mimi nilikushinda?" Ule muthokoi sikuumaliza.

Hasira hasara, hilo nalifundisha hata darasa la kwanza. Jumatatu alfajiri nilikwenda kwao nimpokonye ile bahasha, nikaambiwa ameshatoka. Nikamtumia mwalimu mkuu salamu kwamba tumbo linaniuma, nikapanda baiskeli. Njia ya chuoni ni mlima mtupu. Nilifika nikisukuma, suruali imejaa vumbi, shati limelowa. Msichana alikuwa amesimama mbele ya meza ya fundi mkuu, ubao miguuni, macho yamekuwa mekundu. Barua yangu ilikuwa imefunguliwa.

Fundi mkuu alinitazama kutoka viatu hadi kichwa. "Wewe ndiye uliyeshindwa mara tatu?"

"Ndiyo, lakini hiyo barua niliikosea. Naomba uichane."

"Mimi sichani barua, mwalimu. Naweka kwenye faili. Kama ilikosea, andika nyingine useme ilikosea kwa nini. Mtu akija kuniuliza mbona nilimchukua huyu, nina cha kumwonyesha."

Akanisogezea karatasi na kalamu ya risasi ya seremala, ile bapa. Niliandika nimesimama. Nikaandika kwamba ubao umetengenezwa vizuri kuliko kazi yoyote niliyopata kuisahihisha, na mchezo hauna kasoro. Mwenye kasoro ni mimi. Kwamba nilishindwa kwa sababu nilicheza nilivyoishi: sijawahi kuinua jembe katika shamba la jirani, humtuma mke wangu, na madaftari ni kisingizio. Nikatia sahihi. Nikiri tu, nilipomaliza nilijiona shujaa.

Fundi mkuu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Nje wanafunzi wake wakaacha kupiga randa wasikilize. Kisha akamgeukia msichana.

"Na hii sheria ya kutuma mtu, uliitoa wapi?"

Nikatazama chini nikingoja kutajwa.

"Kwetu," akasema. "Baba yuko Mombasa. Alikuwa anatuma kibarua kwa mwethya badala yake, halafu akaacha hata kutuma. Mitaro yetu ilipobomoka, mama aliita watu. Hakuja mtu. Alichimba peke yake mpaka mvua ikamkuta."

Fundi mkuu akavuta kitabu cha majina akaandika la msichana, akamwambia aje Jumatatu inayofuata na aproni. Barua yangu akaitia kwenye faili. Hakuna aliyekuwa amenishtaki kwa lolote, na nilikuwa nimekiri yote kwa maandishi.

Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kupanda baiskeli pale nje. Shamba lao liko ng'ambo ya bonde, mkabala na veranda yangu. Yule mama nilikuwa nikimwona. Msimu ule mzima, kila Jumamosi, nikiinua macho kutoka kwenye madaftari, yuko pale, jembe juu, jembe chini, mtu mmoja kwenye mteremko mzima. Nilimwona mchapakazi. Hata nilimsifu darasani, nikawaambia wanafunzi watazame ng'ambo ile waone bidii ni nini, wamwige. Binti yake alikuwa ameketi dawati la mbele, na alinitazama mpaka nikamaliza.