Alliance na chumvi isiyotoka sokoni

Saa moja asubuhi katika soko la Gisenyi, Alliance Nyiraneza anachota chumvi kwa kikombe cha bati na kuijaza kwenye vifuko. Ana mimba ya miezi sita, lakini ulimi wake haujapumzika. Mteja anapigapiga kifuko, anakirudisha, anachukua kingine.

"Mama, we unachagua chumvi ama unachagua bwana?" Alliance anamtania.

Kazi hii alijifunza Goma, kando ya mama yake, kabla familia haijarudi Rwanda. Siku anazozitamani zaidi, hata hivyo, ni za hapa hapa, Cyuzuzo, mwanawe wa kwanza, alipokuwa akishinda mgongoni mwake. Wanawake wa soko walimbusu kwa zamu, wakalamba midomo na kuangua kicheko: mtoto wa muuza chumvi naye ana chumvi!

"Mi nilikuwa nacheka nabo," anasema. "Nilijua ni mikono yangu. Nanawa na sabuni, namubusu, chumvi iko palepale. Nanawa tena."

Cyuzuzo alikohoa, alikula sana bila kunenepa, akafariki kabla ya kutimiza miaka mitatu. Mama mkwe wa Alliance, Nyirahabimana wa Rugerero, hakumung'unya maneno: chumvi ya soko ndiyo iliyokula mapafu ya mjukuu wake. Alliance akaamini. Aliacha biashara, na inauma kumsikia akieleza alivyojichukia.

Kisha akazaliwa Akaliza, mama yake akiwa hajagusa gunia la chumvi kwa zaidi ya mwaka. Paji lake la uso lilikuwa na chumvi vilevile.

Daktari mmoja wa Kigali alipima jasho la mtoto, kisha damu ya wazazi na mtoto ikapelekwa nje ya nchi. Jibu lilikuwa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu uwe mzito na jasho lizidi chumvi.

Alliance, aliyerudi sokoni baada ya jibu hilo, huwaeleza majirani kwa vifuko vyake, kila kimoja kikisimama badala ya jeni, chembe ya urithi. "Kila mutu iko na mbili. Moja yangu iko na tundu. Moja ya Onésphore, bwana wangu, vilevile. Sisi hatugonjwe, juu ile nzima inatosha. Mutoto anachukua moja kwangu, moja kwake. Akipata zote mbili za tundu, bon, ndiyo ugonjwa."

Jibu lilipofika, Nyirahabimana alikuja. "Kumbe na kwetu iko," alisema. "Nilikuonea, mukazana, muke wa mwana wangu." Siku hizi ndiye anayempigapiga Akaliza kifua kila asubuhi ili ute ulegee. Mtoto ana miaka saba na anasoma.

Kwa mimba hii, nafasi ya ugonjwa ni moja kati ya nne, kama zile zilizopita. Alliance hafichi kwamba anaogopa. Mtoto akizaliwa, damu yake itapimwa mara moja, ingawa majibu huchukua wiki kadhaa, na jamaa wengine wanamshauri asubiri kwanza kabla ya sherehe ya jina, ambapo watoto wa jirani hualikwa kula.

"Akaliza tulimuita 'mutoto' miezi mitano, tukiogopa kuzika jina tena," anasema. "Huyu, hapana. Siku ya nane batoto ba jirani batakula, na jina atapewa. Majibu itamukuta nalo."