Bastola katika Sanduku la Sanda

Mama yangu alikuwa akiosha maiti za wanawake katika mtaa wetu mjini Kasongo, Kongo. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, na hakutaka nyingine. Mwanamke akifa, watu walimfuata yeye kabla hawajawafuata wachimba kaburi. Nasema hili mapema ili mtu akijua nilichofanya, ajue pia nilimnyang'anya nini.

Mwaka ule wezi wenye silaha waliingia nyumba ya jirani wakampiga mbele ya watoto wake. Hofu ikanishika, na mimi nikiogopa huwa nafoka. Mtu mzima mwenye duka lake atalalaje na panga tu chini ya godoro? Mama akaniambia nyumba inalindwa na Mungu. Nikamjibu kwamba hata jirani alikuwa anaswali. Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Nilikuwa napeleka sabuni na samaki wa chumvi Salamabila kwa pikipiki, na kwenye machimbo ya dhahabu wauzaji wa vitu vya kufichwa hawakosekani. Wangu alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alifungua gunia la mihogo mikavu, akatoa bastola mbili, akaziweka kitandani. Moja kubwa, nyeusi, nzito. Nyingine ndogo, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hii kubwa inakamatika muzuri mu mukono," akasema. "Hii kadogo iko ya kutishia mutu tu. Mara ingine inakataa."

"Nitakamata ile kadogo."

"Papa, wezi wakikuja na bunduki, utawafanya nini na hii?"

"Unipe kadogo."

Alitikisa kichwa, akanifungia. Sababu sikumwambia. Nilikuwa nimeshaamua mahali pa kuificha: sanduku la sanda la mama. Kama wazee wengi wa Kiislamu kwetu, alikuwa ameshajiwekea sanda yake, imeletwa kutoka Kigoma, imekunjwa pamoja na pamba, udi na kafuri. Mtoto akilikaribia tu sanduku lile alikemewa. Bastola kubwa ingevimbisha kitambaa. Ile ndogo ililala katikati ya mikunjo kama kipande cha sabuni. Yaani silaha ya kulinda nyumba niliichagua kwa kipimo cha sanduku la mama.

Nilichosahau, na hapa natamani kujichapa makofi, ni kwamba sanda ya akiba kwetu hutolewa kwa asiye nayo. Mama alikuwa ameshaitoa yake mara mbili kwa maskini, kisha akatafuta nyingine. Asubuhi moja mke wa mchimba dhahabu, mgeni aliyekuwa safarini kurudi kwao, akafia mtaani petu. Hakuwa na ndugu hapa. Mama, mikono yake ikiwa tayari majini, aliwaambia wenzake wawili waende nyumbani wakachukue sanda yake.

Duka langu liko hatua chache tu, nikasikia yowe. Nilipofika, wanawake wawili walikuwa wamejibanza ukutani na sanda mikononi, bastola iko sakafuni. Mama aliingia nyuma yangu, maji yakimdondoka viwikoni. Aliitazama bastola. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mlango.

"Iko ya marehemu bwana yangu," akawaambia. "Miye njo niliificha."

Baba alifundisha watoto Kurani maisha yake yote. Hakuwahi kushika hata gobori la kuwindia. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, wala haikuwa fupi: mama aliinama, akaifunga bastola katika kitambaa, akatoka nayo kwa miguu hadi kwa shefu, mkuu wa mtaa. Mimi nilisimama palepale. Niliogopa gereza, nikajiambia kwamba yeye ni mzee, hawatamfanya kitu.

Kweli, shefu hakumfanya kitu. Lakini wanawake walianza kuulizana marehemu baba aliua nani, na vipi mikono iliyoficha bunduki ndani ya sanda itagusa tena maiti. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumwita.

Siku moja nilimfuata jikoni akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, nikamwambia nitakwenda kusema ukweli.

"Uache," akasema. "Uko na watoto. Miye nilikwisha kusema."

Nilishusha pumzi. Ndiyo, nilifurahi, na furaha ile naionea aibu kuliko bastola yenyewe.

Mwezi uliopita akafa rafiki yake wa tangu utotoni, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama alioga, akavaa kitenge safi, akakaa barazani. Wanawake walipita na ndoo, wakamsalimia kwa adabu, wakaendelea na njia. Nilikwenda kuzika na wanaume wenzangu. Niliporudi alikuwa bado amekaa.

"Nani alimuosha?" akauliza.

Nikamtajia mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Yule anasahau kuosha chini ya kucha," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Nilibaki barazani. Pale kwenye matanga walikuwa wamekaa wote, wanawake wote wa mtaa ninaopaswa kuwaambia, mahali pamoja, nyumba ya nne tu. Nikaenda kufungua duka.