Shangazi Kwenye Kiti cha Ndege Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikisikia injini ikivuma kupita kiasi pale barabara ya Mwanza, naikumbuka upya. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda, na nilikuwa nimejitengenezea ndege.

Usicheke. Ndege kweli. Ilikuwa na kiti kimoja, magurudumu matatu ya toroli, na juu yake panga refu kama la helikopta, lililozungushwa na upepo wenyewe ndege ikienda mbele. Injini kazi yake ilikuwa kuisukuma tu. Niliitengeneza na Hamisi, fundi wa kuchomelea pale mjini, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulipoifunga injini ya pikipiki iliinuka kimo cha mtu, ikatua. Watu wakatuuliza itabeba nini, samaki au pamba? Haikubeba kitu. Tuliitengeneza kwa raha zetu, basi.

Lakini uelewe tulikotoka. Sisi tulikulia miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na mashine ikiharibika kiwandani hakuna spea. Fundi aliyesifiwa ni yule aliyekosa kifaa na bado mashine ikatembea. Mkanda ukikatika tulishona wa ngozi ya ng'ombe. Boliti ya hapa tuliipeleka kule. Hata ruksa ya biashara ilipokuja na maduka ya Musoma yakajaa vitu, sisi bado tuliona aibu kununua boliti dukani. Wajinga hatukuwa. Tulikuwa tumeizoea shida hadi tukaanza kujivunia.

Basi lori moja likapinduka njia ya Musoma, mwenyewe akaliuza vipande vipande, na Hamisi akaniletea tabo yake. Hicho ni kile kidude cha pembeni ya injini kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa. Tulikiungia bomba la chuma, tukakilisha mafuta ya taa, tukapata injini ya jeti, ndogo lakini ina hasira. Siku ilipowaka mara ya kwanza mbwa wa mtaa mzima walikimbia. Tulicheka hadi machozi. Hamisi akasema, "Hii tuifunge kwenye ndege." Nami nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Kuanzia hapo, mwanangu, chakula hakikuwa na ladha. Lile panga la juu lilishikwa na boliti niliyoitoa kwenye plau la kulimia. Kwa pikipiki ilishika vizuri. Kwa jeti panga lingezunguka kwa kasi nyingine kabisa, na boliti ile ikikatika, aliye kwenye kiti hana pa kushika. Nililijua hilo nikila, nikitembea, nikiongea na watu. Lakini nilishatangaza kwamba Jumamosi nitapaa, na sokoni hata wauza dagaa walikuwa wananiita rubani. Ningeanzaje kusema naogopa?

Hamisi aliniuliza mara moja tu, huku akijifanya anatafuta spana. "Ile boliti ya juu je?"

"Itashika," nikamjibu.

"Haya," akasema. Hatukuizungumza tena, na wote wawili tulijua kwa nini.

Jumamosi ikafika. Uwanda wa malisho nyuma ya mtaa wa Nyasura ulijaa watu kama mnada. Mara mbili kofia ilinishinda kufunga. Hamisi alikuwa anaandaa mtungi wa upepo wa kuiamsha injini, ndipo nikamwona shangazi Nyangeta anakuja katikati ya watu, vumbi la basi la Butiama bado liko kwenye kitenge.

Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Na mimi nilirithishwa jina la babu, Magesa, baba yake mzazi, kwa hiyo kwa desturi zetu tangu nikiwa mchanga aliniita baba. Alinipiga kofi akiniita baba, akanipa uji akiniita baba. Wewe unaona mchezo, lakini yeye hakuwa anacheza.

Hakunisalimia. Aliizunguka ndege, akaishika hapa na pale, kisha akakusanya kitenge chake na kukaa kwenye kiti.

"Hamisi, washa," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza hata kutabasamu. "Shangazi, shuka tafadhali."

"Nishuke kwa nini? Wewe si baba yangu? Baba akitengenezaga kitu kizuri, anampandisha mtoto wake kwanza. Nifunge hiyo mikanda."

"Shangazi, hiki si cha kupanda wewe."

"Kina nini?"

Nikamwangalia Hamisi, akaangalia chini. Nikaangalia lile panga juu ya kichwa cha shangazi, na ile boliti yenye kutu, na mvi zake zikitokeza chini ya kilemba. Nikasema mbele ya watu wote, "Boliti ya juu siiamini. Inaweza kukatika."

Kicheko kikakoma. Shangazi hakuinuka. Aliniuliza taratibu, macho yamejaa machozi, "Kwa hiyo hiyo boliti inaniua mimi, wewe inakuacha?"

Nikanyoosha mkono nimshushe. "Baba yangu nilishamzika pale Butiama," akasema. "Nilimzika mara moja, inanitosha." Ndipo akashuka, nami nikalia kama mtoto, katikati ya umati ule ule uliokuja kuniona nikipaa.

Usidhani mambo yaliishia kwenye sifa. Tuliifungua jeti, tukaifunga kwenye kisiki na kuiwasha ili watu wasiondoke bure, nayo ikanguruma mpaka mafuta yakaisha, bila kasoro yoyote. Wakaanza kunitania, "Rubani wa kwenye kisiki!" Utani ule uliniandama hadi Musoma, na uliniuma, sikufichi. Na boliti yenyewe? Huenda ingeshika. Sijui, na sitajua kamwe. Ila shangazi alipokaa pale sikuwa na haja ya kujua zaidi ya nilichokuwa nakijua tayari.

Kwa hiyo, mwanangu, unapokwenda kuanza ufundi wako, sikukatazi kucheza. Tengeneza, paa ukiweza, watu wakucheke na wakushangae. Ila siku ukiona unajiambia "itashika" kwa sauti ya haraka, simama. Mweke kwenye hicho kiti, kwa mawazo tu, mtu unayempenda kuliko wote. Ukisikia mdomo wako unataka kumwambia ashuke, basi na wewe shuka. Maisha yako si ya kwako peke yako uyachezee kwa bei nafuu kuliko ya mwenzio, maana wapo wanaokuita kwa majina ambayo wewe mwenyewe hujui uzito wake.

Mungu ailinde mikono yako na akupe ufundi wenye macho. Akujalie mtu wa kukuudhi kabla hujachelewa, na akupe moyo wa kumsamehe siku hiyo hiyo. Nenda salama, baba.