Mmoja Abaki Ndani

Mama yangu hakumwamini fundi wa vitasa hata mmoja. Fundi akija kubadilisha kitasa cha nyumba yetu ya mtaa wa Nyamianda, mama alinisukuma ndani na kusema, "Weye bakia mule. Mpaka ile ufunguo mupya ifungue, muntu mumoja iko ndani." Niliketi juu ya gunia la makaa, makala kama asemavyo mama, nikisikiliza nyundo upande wa pili, nikijiona mlinzi wa ikulu. Mafundi walinuna. Mama hakujali, na sisi hatukuwahi kulala nje.

Nasimulia hili kwa sababu watu huniuliza ni shule gani iliyonifundisha kazi ya seva. Shule nilienda, diploma ninayo, na imetundikwa ukutani ili kila mgeni aione. Lakini siku niliyopata heshima yangu hapa Uvira, nilitumia somo la mama.

Kazi yangu iko katika chuo kimoja cha mjini. Kwenye chumba cha nyuma, chenye mlango wa kufuli, imo seva, kompyuta kubwa inayotunza alama za wanafunzi wote. Walimu huingia humo kutoka kompyuta zao ndogo, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri. Mimi ndiye ninayehakikisha kwamba mwenye haki anaingia na asiye na haki anabaki nje. Watu huiona kazi ndogo mpaka siku mlango unapokataa.

Ufunguo mkuu, ule unaoweza kubadilisha kila kitu ndani ya seva, tulikuwa nao wawili: mimi na fundi mmoja aliyetuhudumia kwa mtandao kutoka Bukavu. Alinitangulia katika kazi na hakuniacha nisahau. Aliniita mudogo, mimi mwanamke mzima, nami nikamwita mukubwa. Si mtu mbaya, na kazi anaijua, ila mikono yake ina haraka kuliko macho yake. Siku moja kabla ya deliberasyo, yaani kikao cha walimu cha kuamua nani amepita, alituma ujumbe kwamba kesho yake asubuhi angekaza kanuni za kuingia. Nikampigia simu.

"Mukubwa, kesho iko deliberasyo. Tungojee kwanza ipite."

"Usiogope, mudogo. Iko kitu ya dakika mbili."

Nilikasirika, nami nikikasirika hufika kazini mapema. Asubuhi ile nilifungua kufuli kabla hajafika mtu, nikaingia kwenye seva kwa ufunguo mkuu, nikaketi mbele yake. Kwa tabia hiyo mukubwa alikuwa amenikemea mara nyingi. Alisema kuacha seva wazi ni kuwakaribisha wezi. Ni kweli, ukiiacha wazi ukaenda kunywa chai. Mimi sikwenda popote.

Haukupita muda nikasikia kelele kwenye chumba cha walimu. Kila aliyeandika neno lake la siri alikataliwa. Mmoja alijaribu, akamwita jirani yake amjaribie, kwa kuwa eti mkono wa jirani una bahati, na jirani naye akaomba ajaribiwe. Kisha akaja Katibu wa chuo, tai imekaza shingoni na simu mkononi.

"Bukavu nao iko nje," akasema. "Amebadilisha kanuni, akatoka, sasa inamukatala yeye mwenyewe. Na bazazi bako mu lupango, pale inje, bengine batoka mbali, Luberizi. Kama matokeo haitoke leo, hii kazi yote itaenda Bukavu, na weye utarudia kwa sekretaria kupiga barua ku mashini."

Hilo liliniuma. Kosa la Bukavu, na zawadi iende Bukavu?

"Katibu," nikasema, "minye niko ndani."

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba wote waliokuwa nje wamefungiwa, hata aliyebadilisha kitasa, lakini mimi niliingia kabla hakijabadilishwa, na seva haimfukuzi aliyekwisha kuingia. Ningeweza kuirekebisha nikiwa humo humo. Ila ikizimika tu, na mimi nimetoka, na hakuna tena mtu wa ndani.

Hakumaliza kuitikia umeme ukakatika. Feni ikasimama, na kisanduku cha betri, kinachoishikilia seva umeme ukikosekana, kikaanza kulia. Betri ile ilikuwa kuukuu, nami niliijua pumzi yake.

Ng'ambo ya barabara yuko mama mmoja anayechaji simu za watu kwa nguvu ya jua. Ana betri ya lori. Nilimwambia Katibu aende akaiombe. Alinitazama kama mtu aliyetumwa maji na mtoto wake. Lakini mimi nisingeweza kuondoka, na walimu walikuwa bado wanagombana na kompyuta zilizozimika, basi akaenda. Nasikia wazazi walisimama uani kumwona Katibu na mama wa simu wakiibeba betri pamoja, kila mmoja na upande wake. Tukaiunga pembeni ya ile ya zamani. Mlio ukakoma.

"Mufanye mbio," mama yule akasema mlangoni. "Simu ya bantu inangojea."

Nikazisoma kanuni mstari kwa mstari. Mukubwa alikuwa ameiamuru seva imuulize kwanza mkaguzi fulani kila mtu anapoingia, na mkaguzi huyo hakuwa amewekwa humo kabisa. Ni sawa na kuwataka wageni waonyeshe tiketi kwa bawabu ambaye hajaajiriwa. Nikauondoa mstari ule. Mwalimu wa hesabu alikuwa na kompyuta ya mkononi yenye betri yake, nikamwomba ajaribu.

Akakataliwa.

Katibu alitazama saa yake. Kwenye simu yake mukubwa alikuwa akisema, "Mudogo, zima mashini, uiwashe tena." Katibu akanitazama akitaka nitii.

"Hapana," nikasema. "Nikizima, niko nje sawa yeye."

Sikugusa kitu tena. Nikasoma maneno ambayo seva huandika kila inapomkataa mtu, na hayakuwa yale ya asubuhi. Asubuhi ilisema haiwezi kumthibitisha mtu. Sasa ilisema mtu huyu amekosea mara nyingi mno. Nikacheka, Katibu akadhani nimechanganyikiwa. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Seva ina adabu hiyo hiyo: ukikosea mara tatu, hukufungia. Walimu wetu hawakwenda zao. Walipiga hodi asubuhi nzima, kila mmoja kwa niaba ya mwenzake, mpaka wakafungiana wote. Kulikuwa na vitasa viwili, kimoja cha Bukavu na kingine cha upendo wetu wenyewe.

Nikafuta hesabu ya makosa kwa kila mwalimu. "Jaribu, mwalimu."

Akaingia. Nikamwomba atoke, aingie tena. Nikamwomba mwingine atumie kompyuta hiyo hiyo. Wote walipopita ndipo nilipoinuka kwenye kile kiti, miguu imekufa ganzi.

Kikao kikaketi, na matokeo yakasomwa mchana ule. Mama mmoja wa Luberizi, mwenye kilemba cha kijani, alipiga vigelegele binti yake alipotajwa. Hajui seva ni nini. Vigelegele vile nilivipokea kama vyangu, na sioni haya kusema.

Simu ya Katibu ikalia tena, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mama," mukubwa akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "minye bado inanikatala. Unifungulie basi."

Katibu akanisogezea simu. "Ufunguo iko ya weye," akasema. "Uone weye."

Nilimfungulia. Nilimpa jina la kawaida, la mtu anayeweza kuingia na kutazama. Ufunguo mkuu ukabaki Uvira, na upo hadi leo.

Jioni nilipita Nyamianda kumsimulia mama. Alisikiliza huku akichambua mchele, na sijui alielewa kiasi gani. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na ule wa Bukavu, aliacha nani ndani?"

"Hakuna muntu, mama."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Masikini," akasema. "Hakukosa akili. Alikosa muntu wa kumukalisha ku gunia ya makala."