Mdomo Wangu na Maji ya Bibi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilivaa kanzu mpya niliyoinunua Nizwa kwa bei ambayo muuzaji hadi leo hajanisamehe. Ilikuwa miaka ya sabini, hatujakaa sana tangu turudi kutoka Unguja, na mtaa wetu hapa Izki ulikuwa unachagua wakili wa falaj, yaani msimamizi wake.

Falaj, kwa wewe uliyekulia maji ya bomba, ni ule mfereji unaotoa maji chini ya mlima mpaka kwenye mitende yetu. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji. Ziko pia zamu ambazo si za mtu, ni za falaj yenyewe. Hizo hunadiwa, na kinachopatikana huwekwa kwa matengenezo. Wakili ndiye anayekishika. Anapochaguliwa, kila mwenye zamu hutaja jina la amtakaye, kwa sauti, barazani, mbele ya wote. Hapana kujificha nyuma ya karatasi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na zamu ya kurithi. Yeye haendi baraza la wanaume, basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Waliotaka uwakili walikuwa wawili. Mmoja Ami Nasor, mtu mwenye uso wa sikukuu mwaka mzima, na baba wa Salma. Salma nilikuwa nimeshamposa, mahari yamepokewa, imebaki kupanga siku tu. Wa pili Hamed, ambaye alikuwa akizima karabai wageni wake wangali wanatafuta viatu.

Ami Nasor aliahidi kupunguza bei ya mnada wa maji, kuezeka baraza upya na kuchinja ng'ombe kila Idi. Vyote kwa fedha za falaj. Hamed alisema, "Nitaziba panapovuja." Watu wakacheka.

Asubuhi ya siku ya kuchagua nikapita kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Udi wote huo! Unakwenda kuchagua au kuchaguliwa?"

Nikamwambia nitamtaja Ami Nasor. Alikuwa anachambua tende, hata uso hakuinua.

"Akipunguza bei ya mnada, mfuko utajazwa na nini?"

"Mfuko umejaa, bibi. Fedha zimelala tu."

"Na wewe ukilala, huwa umekufa?"

Nikaona niseme la moyoni. "Ami Nasor ni mkwe wangu. Nikimtaja mwengine, Salma ndiyo basi tena."

Hapo akaniangalia. "Maji yangu, mdomo wako. Usiende kuoa kwa maji yangu. Muulize kama unavyomuuliza muuza mbuzi. Akikujibu sawasawa, mtaje, na harusini nitapiga vigelegele mimi mwenyewe."

Barazani zamu yangu ikafika. Nikasema, "Ami, nina suali. Wadi ikishuka na mafuriko ya mlimani ikavunja falaj, na mfuko tumeshaula nyama, mafundi tutawalipa nini?"

Ami Nasor akacheka, na baraza zima likacheka naye. "Mtazameni mkwe wangu! Harusi bado, keshaanza kunidai! Nchi ina neema sasa, kijana. Serikali itatoa."

"Na ikichelewa?"

"Itatoa tu."

"Mitende itangoja, ami?"

Akaomba kahawa.

Nikasema, "Bibi yangu anamtaka Hamed."

Ami Nasor akakiweka kikombe chini. "Bibi yako," akauliza polepole, "au wewe?"

Mlango alinifungulia mwenyewe, mwanangu. Ningesema ni bibi, mimi ni mdomo tu, tukamalizana na harusi ikaendelea. Mlango huo sikuupita.

"Na mimi pia, ami."

Hamed akapita kwa tofauti ya majina machache. Kabla ya alasiri mahari yangu yalirudi nyumbani. Niliyahesabu mara mbili, yalikuwa kamili. Ami Nasor hakuwa mwizi, na hili ulishike vizuri: alikuwa karimu kwa kisichokuwa chake. Salma aliolewa mbali, mji wa Sur. Muda mrefu sikuwa na hamu hata ya kubishana bei.

Na usidhani watu walimshukuru Hamed. Bei ya mnada haikushuka, na baraza lilivuja, nami ndiye niliyekaa pale panapovuja. Hata wadi iliposhuka kweli ikabomoa mfereji chini ya ardhi. Tukaomba msaada, tukajibiwa kwa adabu, lakini vijiji vilivyoharibikiwa vilikuwa vingi na sisi tulikuwa nyuma. Hamed akafungua sanduku la fedha za falaj siku ile ile. Akabishana na mafundi mpaka wakataka kuondoka, kisha akawalipa, wakaingia kuchimba. Maji yakarudi mitende haijapukutisha. Mitende ya Ami Nasor nayo ikanywa. Mavuno yalipofika, Ami Nasor mwenyewe akampelekea bibi kikapu cha tende za mwanzo. Bibi, si mimi.

Sasa Hamed kazeeka, mnachagua tena, na mnaniuliza mumtaje nani. Nasaha yangu ni hii. Anayekuahidini kupunguza mapato na kuzidisha matumizi kwa pumzi moja, muulizeni mbele ya watu fedha zitatoka wapi, na akijibu kwa kicheko, msimtaje. Mtajeni anayethubutu kukwambieni hapana kabla hajachaguliwa. Lakini bahili asiyefungua sanduku siku ya shida, naye mwacheni. Huyo kazi yake ni kulinda kufuli. Kwa hawa wawili wa safari hii, mimi namtaja yule aliyekunyimeni mazulia mlipoyataka ya baraza kwa fedha za falaj. Ukimtaja, wewe mwanangu, mtaje kwa jina lako mwenyewe, hata kama anayekusikiliza ni mkweo.

Mola akupe mkono mwepesi kwa kilicho chako na mzito kwa kilicho cha wenzako, akujaalie mke atakayekuridhia pamoja na maneno yako, na maji yasikukatikie. Amin.